Mwachie Kijana Saa ya Maji: Safari Ndefu ya Familia Kuelekea Tanga na Pangani

Shule zikifungwa mwezi wa sita na wa kumi na mbili, barabara ya Tanga hujaa magari ya familia. Ukiyatazama yanapopunguza mwendo kwenye matuta ya Mkata au Kabuku, ndani ya mengi utaona sura ileile. Wadogo wanarukaruka, mama anagawa maandazi, na yule mkubwa aliye kidato cha pili au cha tatu amejikunja dirishani, hedifoni masikioni, uso umefungwa. Mzazi humwona ana kiburi. Humwamuru avue hivyo vitu aitazame nchi yake, na kutoka hapo hadi Segera hakuna raha tena garini.

Ninawaandikia wazazi hao kwa sababu naipenda safari hii, na naamini inaweza kumpa kijana kitu ambacho darasani hakipati. Ushauri wangu mkuu ni mmoja, mengine yote yanatoka humo: kabla hamjawasha gari, mkabidhi kijana sehemu ya safari iwe yake kweli. Sisemi umpe kazi ya kumpumbaza, au umwombe maoni ambayo umeshaamua kutoyafuata. Nasema sehemu ambayo akiifanya vizuri familia nzima itafaidi, na akiizembea familia nzima itajua. Vijana wengi wa umri huo hawachukii safari. Wanachochukia ni kwamba njia, saa, pa kulala na hata chakula vimeamuliwa bila wao, nao wameingizwa garini pamoja na mabegi.

Kwa pwani ya kaskazini, dhima ninayoipendekeza kuliko zote ni maji. Bahari ya Tanga na Pangani hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Mengi mnayoyafuata huko yanategemea saa hiyo. Chukua Maziwe, nje ya ufukwe wa Ushongo, kusini ya Pangani. Leo ni fungu la mchanga mweupe linaloonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Zamani kilikuwa kisiwa kamili chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga mayai. Miti ilipokwisha mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 bahari ilikuwa imekimeza. Kijana anayesoma jiografia akisimama pale, maji pande zote, akijua kwamba baada ya saa chache mahali alipoweka miguu patakuwa bahari, ataelewa mmomonyoko wa fukwe kwa namna ambayo daftari haliwezi kumpa.

Basi mpe kazi hii wiki mbili kabla. Atafute mtakuwa Pangani siku gani ya mwezi wa kuandama. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, siku za mwezi kuandama na siku za mwezi mpevu; katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa asubuhi kati ya saa nne na saa tano, kwa hiyo boti huondoka mapema, watu wakaogelea na kula, wakarudi mchanga ukiwa bado uko juu. Kila siku inayofuata, saa hiyo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Akishaishika kanuni hii anaweza kukadiria mwenyewe, kisha alinganishe na jedwali la maji analolipata kwenye simu yake. Halafu, na hapa ndipo penye elimu hasa, ampigie nahodha yeye mwenyewe.

Usimwandikie cha kusema. Mwache aanze, "Shikamoo mzee," aitikiwe, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Aeleze kwamba mko watu sita, mnataka kwenda Maziwe Jumanne, naye ameona maji yanapwa saa nne na nusu, je, mfike saa ngapi? Nahodha atamwambia mje saa mbili, na atamwomba apige tena Jumatatu jioni watazame upepo. Mwezi wa sita na wa saba kusi huvuma kwa nguvu, na nahodha mwenye akili huweza kusema leo hatutoki. Ikiwa hivyo, kijana ndiye awaambie wenzake mezani, na yeye ndiye awe na mpango wa pili mkononi. Mpwa wangu, aliyekuwa mtu wa kujibu kwa kichwa tu, alipopewa kazi hii alianza kutoka nje usiku kutazama mwezi umefika wapi, na wadogo zake wakawa wanamfuata kumuuliza. Jambo moja tu usimwachie: maboya ya kuvaa. Hayo yahesabu mwenyewe kabla ya mguu wa kwanza kuingia botini, na yakipungua msiende.

Barabarani nako kuna kazi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni karibu kilomita 350, na anayetoka alfajiri huzimaliza kwa saa sita hivi bila papara. Kinachochosha ni foleni ya kuanzia Kibaha kwenda Chalinze. Tangu lami ya Bagamoyo hadi Msata ikamilike, anayetokea Tegeta au Bunju ana njia ya kuikwepa: anapita Bagamoyo, anaibukia Msata baada ya kilomita 64 hivi, anavuka Wami kwenye daraja jipya, kisha Mbwewe, Mkata, Kabuku hadi njia panda ya Segera, ambapo kushoto ni Korogwe na Moshi, na kulia ni Hale, Muheza na Tanga. Mwekee kijana njia zote mbili mezani na saa ya kuondoka, achague. Akichagua Chalinze, piteni Chalinze, na mkikwama foleni Mlandizi usimkumbushe.

Mpe pia fedha za njiani, taslimu, mkononi. Mwambie kiasi ni hiki, ni za vinywaji, matunda na chakula cha mchana cha watu wote, zikiisha zimeisha. Utashangaa yule aliyekuwa akililia soda mbili anavyoanza kupima bei. Muheza na Korogwe ni nchi ya machungwa, na kijana aliyelelewa kununua vitu dukani vikiwa na bei juu anahitaji kujifunza kusimama mbele ya mwuzaji, kumsalimu, kuuliza fungu ni kiasi gani, kupunguziwa kidogo na kuondoka bila kumdhalilisha mtu anayetafuta riziki juani.

Kipo kibali kingine kidogo ambacho nakiona kina uzito mkubwa: kijana awe na haki ya kusimamisha gari mara mbili njiani, mahali penye usalama, bila kuulizwa sababu. Kwa mvulana inaweza kuwa njaa au picha. Kwa binti inaweza kuwa hedhi, na hili wazazi wengi, hasa sisi tulio nyuma ya usukani, hatulifikirii kabisa. Vyoo vya njiani si vyote vinavyofaa. Taulo za kike, maji ya chupa, sabuni, karatasi na kanga ya akiba viwe kwenye mfuko anaoufikia mwenyewe, si chini ya mabegi yote. Mama au shangazi azungumze naye usiku wa kabla ya safari, na baba afahamu tu kwamba binti akisema "tusimame," gari linasimama kwenye kituo cha mafuta kinachofuata, hata kama mmetoka kusimama sasa hivi.

Kiti cha mbele kiwe chake kwa angalau nusu ya njia, na anayekaa mbele havai hedifoni. Hiyo ndiyo sheria pekee ya simu ninayoipendekeza. Nyuma, avae. Kumnyang'anya simu siku nzima ni kuanzisha vita msivyovihitaji, na kuna vipande vya njia, hasa kusini ya Pangani, ambako mtandao hukatika wenyewe. Apakue ramani kabla, achaji betri ya akiba. Mbele, kazi yake ni kumwangalizia dereva: kibao cha hamsini kikionekana aseme, maana vijiji vimefuatana na tochi za trafiki zipo, na zaidi ya faini wapo watoto wanaovuka kwenda kisimani. Lakini usukani asiushike. Leseni ya gari hapati mtu asiyetimiza miaka kumi na minane, na barabara ya shamba la mkonge isiyo na askari si ruhusa.

Muziki ugawanywe kwa zamu, saa moja moja. Apige singeli yake, nanyi muisikilize mkijaribu kuelewa nini kinamfurahisha. Zamu yako ikifika, Tanga ina hazina: taarabu ya Black Star Musical Club na Lucky Star, sauti ya Shakila, magitaa ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mwambie kwamba miziki hiyo ilitoka mjini mnakokwenda, na iliwahi kuwa ya vijana.

Kuhusu maelezo ya njiani, nashauri uchache. Mzazi anayesimulia kila kilomita humchosha hata mtu mzima. Chagua machache, na uyatangulize yale yanayoigusa familia yenu. Mkivuka Mto Pangani pale Hale, inatosha kumwambia kwamba maji haya yameanzia Kilimanjaro na Meru, yanazungusha mitambo ya umeme, na keshokutwa mtayavuka tena kwa pantoni yakiingia baharini. Mkifika kwenye mistari ya mkonge, unaweza kumwambia kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutoka kwenye hiyo michache likatokea zao lililoijaza Tanga mashamba na watu. Lakini usiishie kwa Hindorf. Mashamba hayo yalilimwa na manamba, waliotoka Kigoma, Songea, Njombe, Msumbiji, Burundi, wakaja kwa mkataba na wengi hawakurudi. Ikiwa babu yenu alikuwa mmoja wao, ndipo mahali pa kusema aliitwa nani, alitoka wapi, alikata mkonge shamba gani. Kijana anaweza kusahau mwaka 1893. Hilo la babu hatalisahau. Kama hulijui, mwambie mtamuuliza bibi mkifika, na kazi ya kuuliza iwe yake.

Tanga mjini, achague mambo mawili, yaliyobaki yaachwe. Atakayependa ya kutisha atachagua Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini, kwenye miamba ya chokaa ya mamilioni ya miaka, penye popo, njia za kupita kwa kuinama, vyumba vya matambiko, na hadithi za Otango aliyesakwa na polisi wa mkoloni miaka ya 1950. Waongozaji hapo wana simulizi nyingi, nyingine hazina ushahidi. Usibishane na mwongozaji mbele yake. Mkirudi garini muulize kijana anaamini ipi na kwa nini. Avae viatu vya kushika chini, si ndala. Atakayependa vita ataanzia Ras Kazone, ambako Novemba 1914 jeshi la Uingereza la watu kama 8,000, wengi wao kutoka India, lilishuka na kushindwa na kikosi cha watu kama 1,000 cha kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, ambacho askari wake wengi walikuwa Waafrika. Nyuki waliochokozwa kwenye mizinga waliwashambulia watu wakikimbia. Na anayependa viumbe aambiwe kwamba kilindini mwa bahari hiyo anaishi silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu zama za dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walipoanza kumnasa katika miaka ya 2000, hifadhi ya bahari ikatangazwa kwa ajili yake mwaka 2009.

Nje ya mji, kwenye njia ya Pangani, mnapita Machui, eneo alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Mtoto aliyemsoma kwa ajili ya mtihani anastahili kuona kwamba alikuwa mtu wa kijiji chenye minazi kama hiki. Mbele kidogo ni Tongoni, magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya arobaini, mengine yakiwa ya nguzo, karibu na mwambao ambako Vasco da Gama aliichoma moto merikebu yake moja mwaka 1499 kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Hapo nusu saa inatosha. Mwache atembee peke yake kati ya makaburi, umwite tu mkiondoka.

Sasa niseme kuhusu jamaa, maana wengi hatuendi Tanga kutalii. Tunakwenda kwa watu wetu, na hapa ndipo safari nyingi za vijana huharibika. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam, Muscat au London anaingizwa kwenye ukumbi wenye watu ishirini wanaomjua, naye hamjui hata mmoja. Anasalimia kwa woga, anaambiwa hana adabu. Mpe majina kabla hamjafika. Garini, kutoka Muheza hadi Pongwe, muda unatosha kumwambia nani ni shangazi wa tumbo moja na baba, nani ni mama mdogo, nani tunamwita babu ingawa ni mjomba wa bibi, nani ameumwa, nani amefiwa mwaka huu na apewe pole. Mwambie shikamoo inaanza kwa nani. Mwambie binti achukue mtandio na mvulana suruali ndefu kwa ajili ya nyumba ya bibi, na umweleze sababu kwa heshima, si kwa kumkaripia mlangoni.

Nawe timiza wajibu wako upande wa pili. Wapo watakaomwambia amenenepa, amekonda, ana chunusi, amekuwa mrefu kama mlingoti, mbona hajaitwa shule ya vipaji, Kiswahili chake mbona kimekatika. Wanasema kwa mapenzi, lakini kijana analala nayo. Kaa karibu. Maneno yakianza, ingia kwa upole, "Shangazi, huyu ndiye aliyetuletea safari hii, ndiye anayejua bamvua ni lini," na mazungumzo yatageuka, kwa sababu watu wa pwani hawawezi kusikia neno bamvua wakanyamaza. Mwombee pia mahali pa kulala penye faragha kidogo, hata kama ni mkeka kwenye chumba cha binamu wa umri wake, na chandarua kisikosekane. Kila siku apate saa moja ambayo haulizwi kitu na mtu yeyote.

Kuna siku atakosea. Atasoma jedwali la maji la siku nyingine, mfike ufukweni mkute boti zimekaa juu ya matope na nahodha ameenda nyumbani. Au fedha za njiani zitaishia Kabuku. Usiingilie kuokoa haraka. Muulize mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida, "Sasa tufanyeje?" na ungoje jibu lake hata likichelewa. Kula muhogo wa kuchoma badala ya wali wa samaki hakujaua mtu. Ukimpokonya dhima mara ya kwanza anapoteleza, atajua kwamba haikuwa yake tangu mwanzo, na mtarudi na yule wa dirishani. Wadogo zake nao wasiruhusiwe kumcheka kutwa nzima.

Mkiwa na gari lililo juu na siku ya ziada, rudini kwa njia ya pwani: pantoni ya Mto Pangani hadi Bweni, kisha Mkwaja, Saadani na Bagamoyo. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndiyo pekee nchini inayogusa Bahari ya Hindi kwa ufukwe wake. Tengeni muda wa kuwatazama viboko kwenye Mto Wami. Njia hii imekuwa ikijengwa kwa lami kwa vipande, na sehemu za udongo huteleza mvua ikinyesha, kwa hiyo kijana awaulize madereva wa Pangani jioni ya kuamkia safari, si wiki moja kabla, na aulize pantoni ya kwanza inavuka saa ngapi. Jazeni tangi kabla ya kuvuka. Siku hiyo kiti cha mbele kiwe cha mdogo wake anayemfuata, naye akae nyuma yake amwelekeze namna ya kusoma ramani.